Somo la 23: Watu wa Kisenge

Kisenge ni mji mdogo, magharibi ya Kolwezi, upande wa kuelekea Angola. Ndani ya udongo wake mna manganezi, jiwe jeusi lenye uzito. Manganezi hutiwa katika chuma ili chuma kipate nguvu, tena hutumika katika betri za tochi.

Zamani nchi hii ilikuwa ya vijiji vya Walunda, Wachokwe na Walwena. Watu walilima mihogo, waliwinda na kuvua samaki. Kwa Wachokwe na Walwena mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba, ndiye ndugu ya mama, ana neno kubwa juu yake. Kwa hiyo mtoto aweza kulala kwa baba yake hapa, na ukoo wake uko katika kijiji kingine.

Miaka ya 1950 kampuni ilichimba manganezi kwa mashine. Nyumba za wafanyakazi zikajengwa, na watu wa makabila mbalimbali wakakaa jirani, wakisemezana Kiswahili. Mawe yalikwenda kwa treni mpaka bandari ya Lobito. Lakini mwaka 1975 vita vya Angola vilikata njia ile ya reli. Machimbo yakakosa mlango wa baharini, na kazi ikapungua.

Sasa, watoto, fikirini: watu wa Kisenge ni nani? Ukoo huhesabu watu kwa damu. Kampuni huhesabu wale wanaopokea mshahara. Bibi anayelima mihogo na kutwanga sombe hayumo katika kitabu cha kampuni, lakini bila yeye nyumba haina chakula. Serikali nayo ihesabu kila mtu mahali anapokaa: mzee na mtoto mchanga, mwenyeji na mgeni.

Zamani za Wabelgiji, hesabu ilifuatana na kodi. Ndiyo sababu watu wengine walijificha porini siku ya kuandikwa. Lakini hesabu njema ni faida ya kijiji. Tuseme kijiji kina watoto 120, na mkubwa aandika 60. Serikali itajenga darasa moja, na watoto 60 watabaki nje. Dawa ya chanjo nayo itapungua nusu. Mtu asiyehesabiwa husahauliwa.

Hesabu kubwa ya Congo nzima ilifanyika mwaka 1984, ikaonyesha watu karibu milioni 30. Watoto waliozaliwa mwaka ule wana watoto wao leo, na hata kufika mwaka 2024 hesabu nyingine ya namna ile ilikuwa haijafanyika.

Tena jambo moja la kukumbuka. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, hata waliozaliwa humo. Waliambiwa kwamba si watu wa hapa. Lakini aliyelima, aliyejenga na kuzaa watoto mahali, ni mtu wa pale. Jirani hahesabiwi kwa kaburi la babu yake, huhesabiwa kwa moshi wa jiko lake.

Maulizo
1. Manganezi ina kazi gani?
2. Kwa nini kazi ilipungua Kisenge mwaka 1975?
3. Nani hayumo katika kitabu cha kampuni?
4. Hesabuni watu wa nyumba zenu. Je, mmemsahau mtu?