Pikapu ya Doha, mzigo wa Mombasa

Wakenya wenzetu, swali hili tunalipata sana: Hilux ya mtumba umeiona Industrial Area, bei poa, uisafirishe nyumbani ikabebe mchanga? Hapana. Usukani wa Doha uko kushoto, na Kenya hairuhusu gari la kawaida la namna hiyo kuingia. Hata ungekuwa kulia, iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza haipiti.

Tafuta iliyoko Kenya tayari. Kabla ya kutuma riyali hata moja, ndugu yako aende na fundi asiyejuana na muuzaji, aingie chini kabisa: chasisi imechomelewa? Springi za nyuma zimelala? Sisi rangi mpya huku chini tunaishuku kuliko kutu. Namba ya chasisi ilingane na rekodi za NTSA, na pesa zitoke siku umiliki unapohamishwa.