Dondoo muhimu: Nyama kidogo ndani ya githeri
Timau, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, ng'ombe wa nyama wapo, lakini sufuria ya kila siku ni ya githeri, yaani mahindi na maharagwe. Usiionee haya. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikiiva, zina protini gramu 26 hivi. Maharagwe yaliyochemshwa yana 9. Hata hivyo, mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja hukamilishana protini, tena maharagwe yana nyuzinyuzi, ambazo nyama haina kabisa.

Mtu atauliza: basi nyama ya nini? Ni kwa ajili ya madini ya chuma ambayo mwili huyafyonza kwa urahisi, na vitamini B12, isiyopatikana kwenye maharagwe. Zaidi ya hayo, nyama husaidia mwili kufyonza chuma cha maharagwe yenyewe. Ndiyo maana naona robo kilo iliyokatwa vipande vidogo kama kete, ikatiwa kwenye githeri mara mbili kwa wiki, inamfaa mtoto na mama mjamzito kuliko kilo nzima ya kuchoma siku moja. Nyama ikikosekana, mayai, maziwa au omena hutoa B12. Ili chuma kifyonzwe vizuri, kamulia githeri ndimu, na chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa.