Dondoo muhimu: Sarafu za fedha za babu

Baadhi ya familia za Nakivale na Mbarara, Uganda, zimehifadhi sarafu za zamani kwenye sanduku. Kabla hujazipeleka kwa sonara akaziyeyusha, fanya haya.

1. Usizisugue kwa majivu, mchanga wala dawa ya meno. Weusi hauna ubaya. Mikwaruzo ndiyo inayoua thamani.

2. Shika ukingo, usiguse uso. Mafuta ya vidole huacha alama.

3. Tazama mwaka. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima ilianza 1921, ikiwa na robo tu ya fedha. Za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ingawa simba ni yuleyule.

4. Usidanganywe na "1780" kwenye riale ya Maria Theresa, ile iliyozunguka Uhabeshi na Usomali. Mwaka huo uliendelea kupigwa karne mbili baadaye! Angalia tai mwenye vichwa viwili, kisha maandishi ya ukingoni. Ipime: gramu 28 hivi.

5. Franki 50 ya Kongo ya Wabelgiji, ya 1944, yenye tembo, ni nusu fedha. Usiiuze kwa bei ya chuma.

6. Sumaku ikinasa, si fedha. Isiponasa, bado hujathibitisha kitu.

7. Funga kila moja kwenye karatasi kavu. Usitumie raba: salfa yake huzitia weusi.

8. Uliyoichimbua shambani usiiuze. Ipeleke Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, na ukumbuke ilipokuwa.