Macho Nayo ni Mtaji
Saa tano usiku bado unajibu meseji za wateja, taa umezima, simu iko karibu na pua. Macho yanawasha, kichwa kinagonga. Mwezi uliopita nilisoma saizi 38 badala ya 36. Viatu vikapanda basi hadi Mbeya, na nauli ya kuvirudisha nikalipa mwenyewe. Faida kwisha.

Ukikodolea skrini unasahau kupepesa, jicho linakauka. Halafu misuli ya kuonea karibu inakaa imekaza muda wote. Kwa hiyo kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Hata bango la duka la jirani linatosha. Mimi nafanya hivyo nikisubiri mteja atume muamala, maana kengele ya simu nilikuwa naizima tu. Simu ishike sentimita 40 kutoka usoni, kuza maandishi, washa taa.

Kama vya mbali bado vina ukungu hata baada ya kupumzika, nenda kapime. Miwani ya kusomea ya barabarani haisaidii hapo, hiyo ni ya wasioona karibu. Na usinunue matone kiholela: yenye steroidi, ukiyatumia muda mrefu, yanaweza kuleta presha ya macho.

Na yule mtoto unayemtuliza kwa simu ili ufunge oda? Mtoe nje acheze. Kukaa kwenye mwanga wa mchana, kama saa mbili kila siku, kunapunguza uwezekano wa kukua haoni mbali.