Dagaa, Omena, Mukene: Namna Data za Ziwa Zinavyopatikana na Kunukuliwa

Kijitabu kwa wakusanya takwimu wa mialoni, wanachama wa BMU na wanafunzi wa uvuvi, Nyegezi

Mtafiti wa Kisumu anatafuta data za dagaa wa Ziwa Victoria. Anaandika "omena", maana ndivyo kwao wanavyomwita. Mwenzake wa Jinja anaandika "mukene". Faili lenyewe limelala kwenye kompyuta Nyegezi kwa jina la "DAGAA MWISHO 2 SAHIHI". Samaki ni yuleyule, Rastrineobola argentea, na ziwa ni hilohilo, ila watafiti hawa wawili na faili hilo hawatakutana.

Anayetafuta huona nini?

Watafiti wengi hupata data kwa kusoma makala za wenzao au kwa kuulizana. Wengine hutumia mitambo ya kutafutia, ukiwemo ule wa Google wa kutafuta data, uliozinduliwa 2018. Mtambo huo hausomi jedwali lako safu kwa safu. Husoma maelezo yaliyoambatanishwa nalo, basi. Jedwali la miaka kumi lisilo na maelezo ni sawa na gunia lisiloandikwa kitu ghalani.

Kwa hiyo andika majina yote: sangara na mbuta, furu na nkejje, kisha jina la kisayansi. Ukiwa na madaftari ya zamani weka na jina la kisayansi la wakati ule, kwa sababu dagaa huyu aliwahi kuitwa Engraulicypris argenteus, na sato aliitwa Tilapia nilotica kabla ya kuwa Oreochromis niloticus. Taja mwalo, wilaya, mwezi wa kuanza na wa kumaliza, aina ya wavu na ukubwa wa matundu. Kama dagaa walipimwa kwa ndoo, sema ndoo ya lita ngapi, na kama walikuwa wabichi au wakavu. Hapo ndipo data nyingi za mialoni huharibikia: aliyepima anajua ndoo yake, msomaji hajui.

Jambo jingine ni nafasi iliyoachwa wazi kwenye jedwali. Je, siku hiyo samaki hawakupatikana, au mkusanya takwimu hakwenda mwaloni? Sifuri iandikwe sifuri. Siku isiyopimwa iandikwe "haikupimwa".

Kwa nini kazi ya mtu haionekani?

Kuanzia 1977 watafiti wa mradi wa HEST wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walivuta nyavu za utafiti katika Ghuba ya Mwanza, na baadaye wakashirikiana na TAFIRI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1980. Walikuwa ghubani sangara walipofurika katika miaka ya 1980 na furu wakatoweka mbele ya macho yao. Makala yao ya 1992 kuhusu kuangamia kwa furu inanukuliwa hadi leo duniani kote. Lakini anayenukuu huitaja makala. Hesabu za kila mvuto wa wavu, na mikono iliyochambua samaki kwenye sitaha, hubaki nyuma ya makala hiyo.

Mara nyingi hali ni mbaya zaidi: mwandishi huweka "tunashukuru kwa takwimu kutoka Mwanza" mwishoni mwa makala, akaishia hapo. Shukrani ni adabu njema, ila haihesabiki. Hakuna mtambo unaoweza kuifuata shukrani hadi kwenye jedwali.

Kinachofuatika ni namba ya kudumu, DOI. Shirika la DataCite, lililoanzishwa 2009, husajili namba hizi kwa ajili ya data. Tovuti ikihama, mtunzaji hurekebisha anwani na namba inabaki ileile. Hifadhi ya Zenodo, iliyofunguliwa na CERN mwaka 2013, hutoa namba hiyo bure. Kwa kumbukumbu za viumbe vilivyoonekana mahali fulani kuna GBIF, ambamo Tanzania inashiriki kupitia COSTECH. Mtu akipakua data huko hupewa DOI ya upakuaji wake, na akiinukuu, kila taasisi iliyochangia huonekana.

Nukuu kamili ya data ina mpangilio huu:

Mkusanyaji au taasisi (mwaka). Jina la data, toleo. Hifadhi. DOI.

Iwekwe kwenye orodha ya marejeo pamoja na vitabu na makala, si kwenye tanbihi. Na usiseme "toleo la mwisho". Sema toleo la 1, la 2, kwani la mwisho huwa halifiki.

Kabla ya kuweka hadharani

Futa majina ya wavuvi, namba za simu na namba za mitumbwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu pia daftari la mwaloni. Pata kibali cha taasisi yako, na mkubaliane mapema majina ya nani yataandikwa kama wakusanyaji. Aliyeshika mizani alfajiri naye afikiriwe.

Madaftari ya karatasi yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuchapwa kwenye kompyuta, na picha zihifadhiwe pamoja na jedwali. Anayechapa hukosea, na tone la maji ya ziwa hugeuza 3 kuwa 8.