Mgombea wa Kamati ya Shule Anasema Nini?

Mkutano wa wazazi ukiitwa kuchagua kamati ya shule ya msingi, usibaki shambani ukasema, "Hayo ni mambo ya walimu." Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati ile. Ndani yake wamo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao. Basi twende tukamsikilize mgombea.

Tuchukue mfano. Mgombea amesimama, anaahidi mambo matatu: ataleta walimu watano, atajenga madarasa, na hesabu za shule zitasomwa mbele ya watu.

Ahadi ya kwanza inapigiwa makofi sana. Lakini atawatoa wapi walimu hao? Walimu wa shule za serikali huajiriwa na kupangwa na serikali, si na kamati. Kamati inaweza kupeleka habari za upungufu kwa Afisa Elimu Kata. Tena inaweza kuhimiza kijiji kimpatie mwalimu nyumba yenye mlango unaofungika. Mwalimu asiye na pa kulala hakai. Mgombea angesema hilo tungemwelewa zaidi.

Ahadi ya pili ni madarasa. Hapa sikilizeni vizuri, maana neno "mchango" liko karibu. Tangu Januari 2016 michango ya lazima imefutwa katika shule za serikali. Mzazi aliachiwa sare, madaftari na chakula cha mtoto wake. Wazazi wakikubaliana kusomba mawe na mchanga kwa hiari, ni vyema kabisa. Lakini mgombea akisema, "Asiyechanga mtoto wake atarudishwa nyumbani," mwulizeni ruhusa hiyo kaipata wapi.

Na vyoo je? Mgombea wetu hakuvitaja. (Wanaume wengi huvisahau.) Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 200 na wavulana 200 inahitaji matundu 10 ya wasichana na 8 ya wavulana. Nendeni mkahesabu yaliyopo. Msichana mkubwa asiye na pa kujisitiri hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi, na baadaye watu wanasema eti hana akili.

Sasa ahadi ya tatu, ambayo sisi tunaona ni kubwa kuliko zote, ingawa haikupata makofi. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 zilipangwa zifike shuleni, na 4,000 zibaki juu kwa ajili ya vitabu. Tupige hesabu ya shule ya watoto 400:

6,000 x 400 = 2,400,000 kwa mwaka.
2,400,000 ÷ 12 = 200,000 kwa mwezi.

Kwa mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi. Ni fedha ndogo, na ndiyo sababu zisipotee. Zimefika mwezi gani? Zimenunua nini? Stakabadhi iko wapi? Mama uliyehitimu kisomo na cheti unacho, usikae nyuma ukiwaogopa wasomi. Karatasi ya hesabu ikibandikwa ubaoni, isome kwa sauti na wenzako wasikie. Isipobandikwa, uliza. Tena nafasi ya kugombea ni yako pia.

Mwisho, mwulizeni mgombea kuhusu kusoma kwenyewe. Mwiteni mtoto yeyote wa darasa la tatu, mpeni gazeti hili, asome mistari mitano. Akishindwa, mgombea aseme kamati itakaa na walimu lini kuzungumza jambo hilo.

Mazoezi ya kikundi

1. Shule yenu ina watoto wangapi? Kwa kiwango cha shilingi 6,000, ingepata kiasi gani kwa mwaka?
2. Hesabu za shule zilisomwa lini mara ya mwisho? Nani alikuwapo?
3. Andikeni maswali matatu ya kumwuliza mgombea, na jina la atakayesimama kuyauliza.