Somo la Kilimo: Ua wa Kaliandra Unaweza Kulisha Ng'ombe Wako

Kiangazi kikikaza, wafugaji wengi hukopa pesa za chakula cha dukani au huuza ng'ombe kwa bei ya hasara. Napia hushibisha, lakini protini yake ni kidogo, na ng'ombe hapandishi maziwa kwa kushiba tu. Kaliandra, kichaka chenye asili ya Amerika ya Kati, kinaweza kuziba pengo hilo.

Majaribio yaliyofanywa na wakulima wa Embu katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya takriban kilo 1 ya chakula cha dukani. Vichaka 500 humpa ng'ombe mmoja kilo 6 hivi kwa siku.

Je, utavipanda wapi? Kwenye ua. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 250 hivi. Ukipanda mche mmoja kila nusu mita, unapata vichaka 500 bila kugusa mahindi wala maharagwe. Unaweza pia kuvipanda kwenye kingo za matuta, ambako mizizi huzuia mmomonyoko wa udongo.

Fuata hatua hizi:

1. Loweka mbegu katika maji baridi kwa saa 48, kisha zipande kitaluni miezi 3 hadi 4 kabla ya mvua.
2. Hamishia miche shambani mvua ikishakolea. Epuka mahali panapotuama maji na sehemu za baridi kali zenye jalidi.
3. Palilia na uzuie mifugo mwaka wa kwanza.
4. Kata kwa mara ya kwanza baada ya miezi 9 hadi 12, ukiacha shina la mita 1 hivi. Baadaye unaweza kukata mara 4 au 5 kwa mwaka.
5. Lisha majani yakiwa mabichi, siku ile ile. Yakinyauka, ng'ombe hayameng'enyi vizuri.
6. Anza na kidogo, uongeze polepole. Kaliandra isizidi thuluthi moja ya chakula chote. Iliyobaki iwe napia au nyasi nyingine.

Kosa linaloharibu kazi ni haraka. Mfugaji huona majani yamechanua mwezi wa tano, akakata hadi chini, na kichaka hudhoofika au kufa. Vumilia mwaka huo mmoja. Kitakulipa kwa miaka mingi. Ukiacha vichaka vichache vichanue maua, nyuki nao watapata chakula.

Huna nafasi ya vichaka 500? Anza na 100. Kwa ushauri kuhusu mbegu na hali ya udongo wako, muone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla mvua hazijaanza.